Mchoro Unapohamishwa Ukaharibika: Dalili na Vyanzo Vyake katika Kazi ya Kudarizi

Kila mchoro wa kudarizi umetengenezwa kwa ajili ya mshono fulani, kitambaa fulani na uzi wa unene fulani, hata pale ambapo mchoraji hakuandika neno lolote kuhusu mambo hayo. Mchoro wa miraba uliokusudiwa mshono wa msalaba hutegemea kwamba upana wa kila mraba ni sawa na urefu wake. Mchoro wa kofia ya mkono, kama zile zinazoshonwa Unguja, Lamu na Barawa, hutegemea kwamba kitambaa kitatobolewa na ukingo wa kila kitundu utazungushiwa uzi. Ua lililochorwa kwa penseli ili lijazwe kwa mshono wa satini, yaani nyuzi zinazolala sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, hutegemea kwamba sindano iko huru kuingia popote. Mtu anapouhamisha mchoro kutoka mshono mmoja kwenda mwingine huyabeba masharti hayo yote bila kujua, na kazi ikiharibika huulaumu mkono wake, ilhali kosa liliingia kabla sindano haijatiwa uzi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kile ambacho jicho linakiona kwenye kitambaa, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kazi imetoka kubwa au ndogo kuliko ulivyotaka

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote kuitibu, na ndiyo inayopoteza vitambaa vingi. Mchoro wa miraba hauna sentimita ndani yake. Una hesabu ya mishono tu, na ukubwa huamuliwa na kitambaa. Aida ni kitambaa kilichofumwa kwa miraba ya kushonea: namba 14 ina miraba 14 katika kila inchi moja, yaani katika sentimita 2.54, namba 11 ina miraba 11, na namba 18 ina miraba 18. Mchoro wenye upana wa mishono 140 utakuwa na upana wa sentimita 25.4 kwenye namba 14, sentimita 32.3 kwenye namba 11, na sentimita 19.8 kwenye namba 18. Anayekata kitambaa cha foronya ya mto wa kochi kwa kuitazama picha ya kazi iliyokamilika, bila kuuliza ilishonwa kwenye namba gani, anabahatisha.

Gawanya idadi ya mishono kwa namba ya kitambaa, zidisha jibu kwa 2.54 ili upate sentimita, kisha ongeza angalau sentimita 5 kila upande kwa ajili ya kushika fremu na kukunja pindo. Kwa kazi itakayotundikwa ukutani mimi huongeza sentimita 8, kwa sababu fundi wa fremu huhitaji nafasi ya kukivuta kitambaa nyuma ya ubao.

Kitani na vitambaa vingine visivyo na miraba iliyofumwa vina mtego wao. Kitambaa chenye nyuzi 28 kwa inchi kwa kawaida hushonwa kwa kuruka nyuzi mbili, hivyo hutoa ukubwa uleule wa aida namba 14. Aliyesahau kuruka na kushona juu ya kila uzi mmoja atapata kazi yenye nusu ya upana na nusu ya urefu, na macho yake yatakuwa yamechoka bure. Vilevile, marikani na pamba nyingine ambazo hazijafuliwa hujivuta zikiguswa na maji. Zifue na kuzipiga pasi kabla ya kupima chochote.

Duara limekuwa yai

Chukua rula, pima jua au ua uliloshona kwa upana, kisha kwa urefu. Ikiwa vipimo viwili vinatofautiana ilhali kwenye karatasi miraba ni sawa, chanzo ni kimoja kati ya viwili, kutegemea aina ya kazi.

Kama umedarizi juu ya kitambaa cha kawaida kwa kuhesabu nyuzi, tatizo liko kwenye ufumaji. Vitambaa vingi vya dukani havina idadi sawa ya nyuzi za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokatiza kwa upana. Tuseme mtande una nyuzi 28 kwa inchi na mshindio una 24. Mchoro wa mishono 100 kwa 100, ukishonwa kwa kuruka nyuzi mbili, utakuwa na sentimita 18.1 upande mmoja na sentimita 21.2 upande wa pili, na hakuna ustadi wa mkono utakaoizuia tofauti hiyo. Kipimo cha kuigundua mapema ni rahisi: weka alama ya sentimita 5 kwa 5 kwenye kona ya kitambaa, hesabu nyuzi kwa ncha ya sindano pande zote mbili, kisha linganisha. Zikitofautiana kidogo, chagua mchoro wa majani na maua ambao hauna umbo la kudai usawa. Zikitofautiana sana, kitambaa hicho kiachie mishono ya kufuata mstari uliochorwa.

Kama umeuhamishia mchoro wa msalaba kwenye sweta, chanzo ni umbo la kitanzi chenyewe. Katika ufumaji wa kawaida wa sindano mbili kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Chukua kipande chenye vitanzi 22 na mistari 30 katika sentimita 10: umbo la miraba 40 kwa 40 litakuwa na upana wa sentimita 18.2 na kimo cha sentimita 13.3 tu. Ili duara libaki duara, miraba 40 ya upana inahitaji mistari 54 au 55 ya kimo. Usirudie tu mistari ovyo ili kufikia idadi hiyo. Chora upya umbo kwenye karatasi ambayo vyumba vyake vina uwiano wa kitanzi chako, kwa sababu mstari uliorudiwa mahali pabaya hutokeza bega kwenye duara. Kumbuka pia kwamba katika sweta ya rangi mbili uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi, na ukipita nyuma ya vitanzi zaidi ya vitano bila kufungwa, vidole na pete hunasa humo. Mchoro wa msalaba wenye eneo pana la rangi moja kwa hiyo haufai sweta ya mtoto, hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Mistari ya kupinda imekuwa ngazi

Hapa ndipo penye matatizo mengi zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochukua michoro waipendayo kutoka kwenye kanga, kitenge au nakshi ya mlango na kutaka kuiweka kwenye aida. Korosho ya kanga ni mfano mzuri. Umbo lake lote linaishi katika mpindo: tumbo pana, mgongo unaoteremka taratibu, kisha ncha inayojikunja. Ukitaka korosho yenye urefu wa sentimita 3 kwenye aida namba 14, una miraba 16 tu ya kufanyia kazi. Tumbo litapita, lakini ile ncha itapata miraba miwili au mitatu, na miraba mitatu haiwezi kujikunja. Kinachobaki kwenye kitambaa kinafanana na kiatu.

Kuna njia nne za kutoka hapo, na ninaziandika kwa mpangilio ninaoufuata. Ya kwanza ni kuikuza korosho. Kwenye sentimita 6 una miraba 33, na ncha huanza kuonekana. Ya pili ni kuhamia kitambaa chembamba zaidi: namba 18 hukupa miraba 21 katika zile sentimita 3, na kitani cha nyuzi 28 kikishonwa juu ya uzi mmoja hukupa 33, kazi ambayo inahitaji mwanga mzuri wa mchana. Ya tatu ni kuizungushia korosho mstari wa mshono wa kurudi nyuma kwa uzi mmoja wa rangi iliyokoza, ukiruhusu mstari huo ukate miraba kwa mshazari bila kufuata ngazi. Jicho huufuata mstari na kuisahau ngazi. Pale ambapo nusu ya mraba iko ndani ya umbo na nusu iko nje, weka robo tatu ya msalaba, ukichoma sindano katikati ya mraba.

Ya nne ni kukubali kwamba korosho haitaki miraba. Mshono wa shina kwa ukingo na mshono wa mnyororo kwa kujaza huipa mpindo wake wote kwa ukubwa wowote, na mimi nauona ndio uamuzi sahihi mara nyingi. Hakuna sharti kwamba kazi nzima iwe ya mshono mmoja. Kwenye kitambaa cha meza chenye sura ya kanga, pindo la vipande vya pembetatu linaweza kushonwa kwa msalaba, na korosho za mji, yaani sehemu ya katikati, zikashonwa kwa mshono wa shina, kila sehemu ikipewa mshono unaoijua.

Jina la kanga, yaani maandishi yake, lina hesabu ya peke yake. Herufi ya msalaba inayosomeka vizuri inahitaji upana wa miraba 5 hivi na mraba mmoja wa kuiachanisha na jirani yake. "Majuto ni mjukuu" ina herufi 14 na nafasi mbili, jumla 16, ambazo kwa miraba 6 kila moja hufikia 96, yaani sentimita 17.4 kwenye namba 14. Mtu aliyepanga kuuweka msemo huo kwenye leso ndogo yenye nafasi ya sentimita 12 atalazimika kuzibana herufi mpaka m na u zishikane. Aandike kwa mshono wa kurudi nyuma, ambao huweza kutengeneza herufi ndogo kwa miraba mitatu, au agawe maandishi katika mistari miwili.

Michoro ya mikeka huonekana kama haina shida hii kwa kuwa imejengwa kwa hesabu tangu mwanzo, na kweli pembe zake huhama vizuri. Tatizo lake ni jingine. Ukili husukwa kwa mshazari, kwa hiyo safu unayoihesabu kwenye mkeka inapita kwa ulalo. Ukiinakili hesabu hiyohiyo kwenye ulalo wa aida, mstari utarefuka, kwa sababu umbali kutoka kona hadi kona ya mraba ni mara 1.41 ya upande wake. Ama ugeuze mchoro ili safu zake zilale sambamba na nyuzi za kitambaa, ama ugawanye hesabu ya ulalo kwa 1.41.

Kitambaa kinachungulia kati ya mishono

Uzi wa kudarizi wa pamba huuzwa ukiwa umesokotwa kwa nyuzi ndogo sita zinazotenganishika; kibunda cha kampuni ya DMC, kwa mfano, kina mita 8. Idadi ya nyuzi unazoshona nazo hutegemea kitambaa: mbili kwa namba 14, tatu kwa namba 11, moja au mbili kwa namba 18. Anayeuhamisha mchoro kutoka namba 14 kwenda namba 11 akabaki na nyuzi mbili atauona weupe wa kitambaa katikati ya kila msalaba. Kwenye kitambaa cheusi hali huwa mbaya zaidi, na huenda ukahitaji uzi wa ziada hata kwenye namba 14. Kabla ya kuanza, shona mraba wa mishono 10 kwa 10 pembeni mwa kitambaa na uutazame kutoka hatua mbili.

Ikiwa nyuzi ni za kutosha lakini eneo la rangi moja linang'aa kwa mabaka, angalia mguu wa juu wa kila msalaba. Yote inapaswa kulala upande mmoja, kwani pamba hurudisha mwanga kulingana na mwelekeo wake. Aliyekuwa akiigeuza fremu huku na huku wakati wa kushona ataikuta miguu imechanganyika. Hapa hakuna la kufanya zaidi ya kufumua, na inafaa kufumua mapema.

Uzi umelegea na kitambaa kimejikunja

Dalili hii huwapata wanaotoka kwenye msalaba kwenda kwenye satini. Kwenye mchoro wa miraba, petali yenye upana wa miraba 20 ni misalaba 20 midogo, kila mmoja umefungwa mahali pake. Kwenye satini petali hiyohiyo, kwa kipimo cha namba 14, ni uzi mmoja unaovuka sentimita 3.6 bila kushikwa popote. Uzi huo utalegea siku ya kwanza ya kufuliwa, na ukiukaza ili usilegee, utakivuta kitambaa mpaka kijikunje. Mimi sivuki sentimita moja kwenye kitu kitakachofuliwa. Eneo likiwa pana zaidi, ligawe: chora mshipa katikati ya petali na ushone kila nusu kuuelekea, au ubadilishe uende kwenye mishono mirefu na mifupi inayopishana, ambayo pia huruhusu rangi ya ndani kuingia taratibu ndani ya rangi ya nje. Mchoro wa msalaba uliokuwa na vivuli vitatu vya waridi hupata uhai hapo kuliko ulivyokuwa kwenye miraba.

Ikiwa kitambaa kinajikunja hata kwa mishono mifupi, chanzo ni fremu iliyolegea au kitambaa chepesi mno. Kaza fremu ya duara mpaka kitambaa kitoe mlio ukikigonga kwa kidole, na chini ya kitambaa chepesi piga bandi kipande cha pamba nyembamba, ushone vyote viwili pamoja.

Mchoro wa msalaba umepotea kwenye kroshia

Vitambaa vya makochi na meza vinavyofumwa kwa kroshia kwa vyumba vilivyojazwa na vyumba vilivyo wazi hutumia karatasi ya miraba kama msalaba, na kwa hiyo watu hudhani michoro ni ileile. Lakini kroshia hiyo inajua mambo mawili tu: chumba kimejaa au kiko wazi. Kasuku wa rangi 12, akigeuzwa kuwa vyumba vilivyojaa, huwa doa. Jaribu kwanza kwa penseli: paka kivuli kila mraba ambao si wa usuli. Ikiwa bado unamtambua kasuku kwa umbo lake la nje peke yake, mchoro utafaa. Ikiwa ulimtambua kwa rangi ya mabawa na jicho, tafuta mchoro mwingine, au mwachie vyumba wazi mahali pa jicho na penye mstari wa bawa. Jihadhari pia na miraba inayogusana kwa kona tu. Kwenye msalaba hufanya mstari mzuri wa ulalo, lakini kwenye kroshia vyumba hivyo huonekana kama vimetawanyika. Na upime chumba chako mwenyewe kabla ya kuanza, kwa sababu mkono wa kila mtu hutoa chumba cha uwiano wake, na shida ya duara kuwa yai hurudi palepale.

Ua limekatika kwenye kofia, au limetoweka

Kofia ya mkono ina sehemu mbili: ukanda unaozunguka kichwa na duara la juu. Mchoro wa kitambaa cha meza una mwanzo na mwisho, lakini ukanda wa kofia hujirudia na kukutana na mwanzo wake, na hapo ndipo nusu ua hutokea. Chukua kichwa chenye mzingo wa sentimita 57 na ua lenye upana wa sentimita 6. Hesabu inatoa maua tisa na nusu. Ama uweke maua tisa, kila moja likipata nafasi ya sentimita 6.33, yaani milimita tatu za ziada kati ya ua na ua, ama uyabane kuwa kumi ya sentimita 5.7. Mimi huchagua tisa, kwa sababu ile nafasi ya ziada hupokea safu ya vitundu vya kutenganisha, na kofia hupumua. Pima kutoka mstari wa mshono hadi mstari wa mshono. Kitambaa kitakachokunjwa kwa ajili ya kuunganisha ukanda kisiingie kwenye hesabu.

Duara la juu la kofia hiyo lina kipenyo cha sentimita 18 hivi, na likigawanywa kwa maua tisa kila kipande kinapata pembe ya digrii 40. Mchoro wa ukanda hauwezi kupelekwa huko ulivyo: upande wake wa nje utabaki na mapengo na wa ndani utasongamana. Kata kipande kimoja cha karatasi chenye umbo la pembe hiyo, chora ua jembamba kuelekea katikati, kisha linakili kipande baada ya kipande. Acha milimita chache bila kitundu katikati kabisa, kwani vitundu vinavyokaribiana mno hurarua kitambaa baada ya kufuliwa mara kadhaa.

Tatizo la pili ni gumu zaidi kulitambua. Kwenye kofia nyeupe iliyodariziwa kwa uzi mweupe, mchoro unaonekana kwa sababu ya kivuli ndani ya vitundu. Mtu anapouchukua mchoro huo na kuushona kwa msalaba mweupe juu ya aida nyeupe, kivuli hakipo, na mchoro hutoweka. Mahali palipokuwa na kitundu lazima pawekwe rangi. Kumma za Oman, ambazo ni ndugu wa kofia hizi, mara nyingi hudariziwa kwa nyuzi za rangi, na ndiyo maana ni rahisi zaidi kuzitumia kama kielelezo cha msalaba. Kwenda kinyume, kutoka msalaba wa rangi hadi kofia nyeupe, kunadai uamue ni rangi ipi itakuwa vitundu vilivyosongamana, ipi itakuwa vitundu vichache, na ipi itaachwa kitambaa kitupu. Michoro yenye rangi zaidi ya tatu haistahimili uamuzi huo.

Hali kama hiyo iko kwenye kazi ya Hardanger ya Norway, ambayo nyuzi za kitambaa hukatwa na kutolewa: vile vifungu vya mishono mitano juu ya nyuzi nne vipo ili kuushika ukingo wa mahali palipokatwa. Anayevigeuza kuwa misalaba na bado akakata nyuzi ataiona kazi ikifumuka.

Kitambaa hakina miraba kabisa

Kama unataka msalaba juu ya kaba ya gauni la kitenge au mfuko wa shati, tumia kanvasi ya muda: ipige bandi juu ya kitambaa, shona kwa kufuata miraba yake, kisha iloweshe na uzitoe nyuzi zake moja moja kwa kibano. Misalaba ikitoka imelegea baada ya kanvasi kuondolewa, sababu ni kwamba sindano ilikuwa inapita katika nafasi pana za kanvasi bila kuvuta uzi hadi kwenye kitambaa. Tumia sindano yenye ncha kali hapa, kwa kuwa ile butu ya aida husukuma kitambaa.

Kazi haimaliziki

Nimeiweka hii karibu na mwisho ingawa ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi: kitambaa kilichokunjwa ndani ya mfuko, robo moja imeshonwa, na sindano imeshika kutu mahali palepale. Watu huita uvivu. Mara nyingi ni uchaguzi mbaya, na unaweza kuhesabiwa siku ya kwanza.

Mchoro wa mishono 140 kwa 200 uliojazwa wote una misalaba 28,000. Shona kwa nusu saa, hesabu uliyofanya, kisha zidisha kwa mbili. Tuseme unapata misalaba 100 kwa saa. Kazi hiyo ni saa 280, na anayepata saa moja kila jioni anazungumzia zaidi ya miezi tisa. Ikiwa ni zawadi ya harusi ya mwezi ujao, mchoro huo haufai, na hilo halihusiani na uwezo wa mtu. Ua moja kwenye kona ya shuka, lenye misalaba 1,500, litafika harusini.

Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu misalaba haina ugumu sawa. Programu za kompyuta zinazogeuza picha ya mtu kuwa mchoro wa miraba hutoa rangi nyingi mno, zikiwa zimetawanywa mraba mmoja mmoja. Kila mraba wa pekee unadai kufunga uzi, kubadilisha na kuanza upya, na nyuma ya kazi hujaa mafundo. Kabla ya kukubali mchoro wa aina hiyo, chagua eneo la miraba 10 kwa 10 karibu na uso na uhesabu alama tofauti. Zikizidi nane, irudishe picha kwenye programu na uipunguzie rangi mpaka uso uanze kuharibika, kisha rudi hatua moja. Picha yenye mwanga wa upande mmoja na usuli mtupu hustahimili upunguzaji huo kuliko picha ya kundi la watu mbele ya bustani.

Fikiria pia maisha ya kitu chenyewe. Kitambaa cha meza kitakachofuliwa kila wiki kinadai mishono mifupi na nyuma iliyo safi. Nguo ya mtoto mchanga inadai upande wa ndani usiokwaruza, kwa hiyo mafundo hayatakiwi kabisa. Picha ya ukutani haifuliwi, na hapo ndipo mishono mirefu ya satini na nyuzi za dhahabu zinaweza kuishi kwa amani. Mtu anayependa satini lakini akachagua foronya ya mto wa kulalia ameuweka mshono wake mahali utakapouawa.

Rangi imechuja

Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza ndizo zinazohusika karibu kila mara, na hatari huongezeka mchoro uliokusudiwa kitambaa cha rangi unapohamishiwa kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa imekwisha kuchuja, usiikaushe wala kuipiga pasi, kwani joto huishikiza rangi. Itie mara moja kwenye maji mengi ya baridi, ubadilishe maji hayo hadi yabaki meupe, kisha uilaze juu ya taulo ikauke bila kukunjwa. Kwa kazi inayofuata, lowesha kipande cha kila uzi uliokoza, kibane ndani ya pamba nyeupe iliyolowa na ukiache usiku kucha. Uzi ulioacha alama uoshwe peke yake kwa maji baridi mpaka uache kutoa rangi, na ukiendelea kutoa, uutumie kwenye kitambaa cheusi.